Wateja wa Mstari Mmoja

Mimi ni mtu wa nywele. Siasa nilikuwa nawaachia wenye muda, na maandamano nawaachia wenye miguu. Ukinikuta nimesimama tangu asubuhi nimeinamia kichwa cha mtu, usiniambie nitoke nikasimame tena barabarani kwa hiari yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, na nilisema ikasikika, maana sauti ndogo sikujaliwa.

Saluni yetu ilikuwa chini kwenye jengo la ghorofa, ikitazamana na makao makuu ya Kampuni ya Maji. Chumba kimoja, pazia katikati. Upande wa dirishani ulikuwa wangu, wa kina mama. Upande wa ndani ulikuwa wa mume wangu, kinyozi. Mimi nasuka, yeye ananyoa. Watu walitutania kwamba kwetu hatoki mtu kama alivyoingia. Chumba kile ndicho kilichotulisha na kusomesha watoto, na nyuma yake kulikuwa na choo chetu wenyewe, kisafi, chenye mlango unaofungika. Usicheke. Mwenye biashara ya mjini anajua: kupata chumba ni bahati, kupata chumba chenye choo ni dua za wazazi.

Asubuhi moja nikafungua dirisha nikakuta kina mama wamekaa ng'ambo ya barabara, kando ya ukuta wa Kampuni. Kila mmoja alikuja na ndoo yake tupu, akaipindua, akaikalia. Hawakupiga kelele, hawakuimba, hawakuziba njia ya mtu. Wamekaa tu, wameuelekea ule mlango mkubwa wa vioo. Walikuwa na kibao kimoja cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: MAJI SI YA WENYE HISA PEKE YAO.

Shida yao niliijua, nani asiyeijua. Tangu Kampuni iliponunua mabomba ya mji, yale ya mtaani yalifungwa, na kila nyumba ikawekewa mita ya kadi. Kadi ikiisha, bomba linanyamaza, hata kama una mtoto mwenye povu la sabuni machoni. Bei ilipanda kila walipojisikia. Sisi wa bondeni tukawa tunaoga kwa kikombe. Kule mlimani kwenye majumba, nyasi zinamwagiliwa mchana kweupe, na wenyewe wamepewa bei yao ya jumla, ya kirafiki. Kila mwaka wenye hisa wanapiga picha gazetini, meno yote nje.

"Hawafiki mchana hao," nikamwambia mume wangu. "Dua la kuku halimpati mwewe."

Alikuwa ameishika mashine hewani, mteja anasubiri, yeye anatazama dirishani.

"Yule wa mbele," akasema polepole, "si mama?"

Ndiye. Mama mkwe wangu, mama yake mzazi. Amekaa ndoo ya mbele kabisa, mgongo umenyooka, kitambaa cheusi kichwani, mikono magotini. Jumapili alikuwa nyumbani kwetu, amekula, amesifu mchuzi kwa ile sifa yake ya "umejitahidi", akaaga, akaondoka bila kugusia lolote.

Mimi na mama mkwe tuliheshimiana sana, na heshima ikizidi huwa baridi. Hakuwahi kunitolea neno baya, wala kunikumbatia. Saluni yangu hakuwahi kuikanyaga. Alisema yeye si mtu wa vioo. Basi nikavua aproni, nikavuka barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi hazijambo?"

"Hazijambo. Mama, hapa jua litakuwa kali."

"Nimeliona."

Akaendelea kutazama mlango wa vioo. Ndiyo mazungumzo yetu hayo, nikarudi kazini.

Jua lilipofika utosini nikachukua jagi la maji na vikombe. Kwa utu tu, siasa sikuwemo. Nikaanza na yeye. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanishukuru, akanirudishia kimejaa vilevile. Nikampa jirani yake, muuza mboga mmoja ninayemfahamu. Naye akatikisa kichwa. Nikapita ndoo hadi ndoo, jagi likarudi kama lilivyotoka.

"Kwani mmefunga?" nikauliza.

Wakatazamana. Muuza mboga akacheka kwa aibu. "Tukinywa, mama saluni, tutakwenda wapi?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Choo cha kulipia kiko kule stendi, mwendo mrefu, na ukiondoka kwa muda wote huo walinzi wanaichukua ndoo yako, wanakwambia nafasi imekwisha.

"Kwa hiyo tangu asubuhi hamjanywa?"

"Tangu jana jioni," mama mkwe akasema. "Tulikubaliana. Ni utaratibu."

Utaratibu! Mwanamke ana sukari. Daktari alimwambia mbele yangu, maji, mama, kunywa maji. Hasira zangu huanzia masikioni, nikasikia yanawaka. Watu wametoka makwao kudai maji, kisha wanashinda juani na midomo imekauka kwa sababu hawana pa kukojoa. Na hasira yenyewe wala haikuwa kwa Kampuni bado. Niliwakasirikia wao, kwa ile adabu yao iliyopita kiasi.

"Choo changu kile pale," nikasema. "Nyuma ya pazia. Mmoja mmoja, na mtu asinichafulie sakafu."

Wakaanza kuja. Mmoja akiinuka, jirani yake anaiwekea mguu ndoo yake. Wanaingia kwa hodi, wanapita kwa "samahani baba" mbele ya wanaume walionyolewa nusu, wanatoka na mikono imeoshwa. Mume wangu alisogeza kiti chake kidogo ili wapite vizuri, akaendelea na kazi. Siku ile kwenye kiti changu alikuwepo dada wa kaunta, mteja wangu wa miaka mingi, anayefanya kazi humo humo kwenye Kampuni, ukumbi wa wateja. Aliwaona wakipita kwenye kioo. Aliivua beji yake shingoni akaitia mkobani.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi ndoo zinapangwa, jioni zinabebwa. Jagi langu sasa lilirudi tupu, na midomo ya mama mkwe ikapata rangi.

Lakini habari haikai ndani. Jengo letu lilikuwa limenunuliwa. Si na Kampuni yenyewe, bali na mtoto wake, maana makampuni nayo huzaa. Msimamizi wa jengo tulimwita Bwana Funguo, kwa lile rundo la funguo lililomning'inia kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutumwa.

"Mama saluni," akasema, mguu mmoja ndani mmoja nje, "nimetumwa."

"Hilo najua. Sema ulichotumwa."

"Choo ni cha wateja tu. Mkataba wenu unasema hivyo. Akionekana tena mtu asiye mteja anakitumia, mwisho wa mwezi chumba kinarudi kwa mwenyewe."

"Na mteja ni nani?"

"Ah, dada, mteja si unamjua? Mtu ambaye mnamhudumia."

Akaenda zake, funguo zikimsindikiza. Mume wangu akazima mashine. Kila mmoja akakitazama chumba kwa macho yake: vioo, mashine ya kukaushia nywele tuliyoinunua mtumba, benchi la wateja. Hatukuwa na kingine.

Maneno yalimfikia mama mkwe kabla ya jioni, sijui kwa njia gani. Kesho yake hakuja mtu chooni. Nikavuka na jagi, nikarudishiwa limejaa.

"Kazi ya watoto haiharibiwi kwa ajili ya mkojo wa wazee," mama mkwe akasema, na wenzake wote wakatazama chini, kumaanisha amesema mkubwa, limekwisha.

"Mama, una sukari."

"Naijua. Ninaishi nayo."

Mchana huo huo aliteleza kwenye ndoo. Hakuanguka kwa kishindo; alilala ubavu taratibu, na muuza mboga ndiye aliyepiga yowe. Mume wangu alitoka mbio na shuka la kunyolea mkononi, akamnyanyua mama yake kama alivyo, akamleta ndani, tukamlaza kwenye benchi. Nikamfungua vifungo, nikampepea, nikamtia maji mdomoni kwa kijiko. Alipofumbua macho neno la kwanza lilikuwa, "Ndoo yangu iko wapi?"

Mume wangu akageukia ukutani, akalia. Sijawahi kumwona analia mbele ya wateja. Ndipo hasira yangu ilipohama, ikavuka barabara, ikaenda ilikostahili.

Sasa, kwetu wasusi kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Kichwa ukishakianza ni chako mpaka kiishe. Mwenye kichwa anaweza kuinuka akaenda sokoni, akaenda msibani, akarudi kesho kutwa. Njiani akikutana na msusi mwingine, msusi huyo hakigusi hata kwa kubembelezwa, maana kugusa kichwa alichoanza mwenzako ni kupakua kwenye chungu cha jirani. Hata ipite wiki, akikutokea mlangoni na nusu ya kichwa, humuulizi wewe nani. Unamwambia kaa. Mteja aliyeanzwa ni mteja.

Kesho yake nikachukua chanuo, kitana na kopo la mafuta, nikavuka barabara.

"Leo nasuka," nikatangaza. "Mstari mmoja kwa kila mtu. Iliyobaki nitaimalizia nikipata nafasi, na kabla ya hapo wote ni wateja wangu, na mteja akibanwa anakwenda chooni. Nani wa kwanza?"

Muuza mboga ndiye aliyeelewa upesi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini hakuinuka, alimtazama mama mkwe, na wote wakamtazama yeye. Alikuwa amerudi kwenye ndoo yake mapema tu, tulimzuia tukachoka.

Kichwa cha mama mkwe sikuwahi kukiona. Tangu azikwe baba mkwe alijifunga kile kitambaa cheusi, na hata wajukuu hawakujua kuna nini chini yake. Nilijua akikataa wote watakataa. Akapeleka mkono kisogoni, akafungua fundo mwenyewe.

"Fanya taratibu," akasema. "Utosi wangu ni laini."

Nywele zake zilikuwa nyeupe, chache, amezipunguza mwenyewe kwa mkasi na zimepishana. Zilishikika kwa shida. Nikachana katikati, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, nikaanza. Nilimpenda mama yule, pale pale, juani, watu wanapita. Wala sikuona haya kumpenda.

"Imebaki," nikamwambia nilipofunga ncha. "Utarudi."

"Nitarudi," akasema. Akainuka, akavuka barabara kichwa wazi, taratibu, akaingia saluni, akapita nyuma ya pazia. Hakuna aliyecheka.

Baada yake nilisuka mpaka vidole vikafa ganzi. Siku hizo walishajiunga nao wazee wa kiume wachache, na mume wangu akatoka na mashine yake ya betri. "Wazee nao wasionewe," akasema, akampitisha kila mmoja ukanda mmoja ubavuni, juu ya sikio. Mzee mmoja akamuuliza kama mkewe atamfungulia mlango akirudi hivyo. "Asipofungua, mlete," mume wangu akasema, "tumwanze na yeye."

Bwana Funguo alifika kabla ya jua kuzama. Akawatazama waliokaa benchini wakingoja zamu, mstari mmoja mmoja vichwani. Akatazama choo, akatutazama.

"Hawa nao ni wateja?"

"Bwana mkubwa," mume wangu akasema kwa upole, "unakumbuka ile siku umeme ulikatika nimekunyoa upande mmoja? Ulikaa hapa mpaka jioni. Ukala chakula changu, ukatumia choo changu, ukasinzia kwenye benchi langu. Ulikuwa mteja, hukuwa?"

Bwana Funguo akajishika kichwa bila kujijua. "Nilikuwa mteja," akakubali. Akaondoka.

Mji ukaona. Mwanzoni walicheka, na mimi nilicheka nao, maana kichwa cha mstari mmoja ni kichekesho kweli. Halafu wakaanza kuwasalimia. Ukiwa na mstari mmoja sokoni unapewa pole na fungu la nyongeza. Wakaja wanawake ambao hawakuwahi kukaa kwenye ndoo, wana kazi, wana watoto wachanga, wakaomba waanzwe ili wajulikane wako upande gani. Siku moja dada wa kaunta akaketi kitini, akanitazama kwenye kioo.

"Mstari mmoja tu, dada."

"Na huko kazini?"

"Nitawaambia msusi wangu ana foleni."

Aliyasema kwa mzaha, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa, nikamsuka bila kumtania.

Bwana Funguo aliporudi mara ya tatu hakuanza na vitisho. Alikuja amependeza, akakaa kwenye benchi, akaomba hata maji.

"Safari hii nimetumwa na jambo la heri," akasema. "Wamalizie vichwa vyao. Basi. Suka mpaka kisogoni, uwaage kama wateja waliokwisha. Mkifanya hivyo mnapata mkataba mpya, wa miaka, na chumba cha pembeni kama nyongeza. Na maji bure." Akashusha sauti. "Msipofanya, Ijumaa ninaleta kufuli. Mama saluni, uamue. Kusuka au kunyoa."

Chumba cha pembeni. Sikuwahi kumwambia mtu ila mume wangu, lakini kuta zina masikio. Nilikitamani chumba kile tangu tulipohamia. Ningeweka viti ukutani, nifundishe wasichana kusuka, wale waliomaliza shule na hakuna anayewaita kazini. Nilishakipaka rangi kichwani mwangu, kijani cha maji. Usiku nililala macho wazi, na nakiri kwamba nilikipanga tena, kiti kwa kiti.

Asubuhi kabla sijasema lolote, mama mkwe akaingia. Nyuma yake kina mama wote, wamepanga mstari mpaka nje.

"Tumesikia," akasema. "Tumalizie, mwanangu. Sisi tutaendelea kukaa, kiu tumeizoea. Nyinyi mna watoto."

Akaketi kwenye kiti changu. Yeye asiyekuwa mtu wa vioo akajitazama kwenye kioo changu, akafumba macho, akangoja. Nikachukua chanuo. Nikaligawa fungu la pili, kando ya ule mstari wa kwanza ambao sasa ulishalegea. Nikashika vishungi vitatu vya nywele. Ukutani mwangu, kando ya kioo, kulikuwa na bomba la kuoshea vichwa, na kulikuwa na mlango wa choo nyuma ya pazia, na nikaona waziwazi kwamba nikifika kisogoni mama huyu atatoka hapa akaikalie ile ndoo hadi aanguke tena, na safari hiyo hatutamfikia.

Nikaziachia zile nywele.

"Mama, leo mkono umekataa."

"Usiwe mtoto."

"Si utoto. Msusi ndiye anayejua kichwa kimeisha lini. Chako hakijaisha."

Akafumbua macho, akanitazama kwenye kioo. Nilidhani atanigombeza. Akamgeukia mwanawe.

"Na wewe unasemaje?"

Mume wangu alikuwa anakunjakunja shuka. Yeye si mwepesi wa maneno. Akalikunja mpaka likawa dogo kabisa, akaliweka.

"Kiti changu kinabebeka," akasema.

Ijumaa Bwana Funguo alileta kufuli. Hatukumpigia kelele, hatukumfungia mlango. Tulitoa vitu kimoja kimoja, na wapangaji wenzetu walichungulia milangoni mwao kimya, mwenzako akinyolewa zako tia maji. Kioo kikubwa kilitushinda, mimi na mume wangu, tukakwama nacho mlangoni. Bwana Funguo akatutazama, akaziingiza funguo zake mfukoni zisigonge, akashika pembe ya tatu. Akakibeba nasi mpaka ng'ambo, akakiegemeza ukutani kwa uangalifu.

"Kazi ni kazi," akasema, hakunitazama.

"Ndiyo," nikamwambia. "Asante kwa kioo."

Kufuli likalia. Nikakaa juu ya benchi letu kando ya barabara, nikalia kama mtoto, kamasi na machozi, mji mzima ukipita. Nilikililia chumba changu. Nilikililia na kile cha pembeni ambacho sikuwahi kuwa nacho. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo wanavyosema, lakini hawasemi kwamba yanakuwa baridi. Muuza mboga akaja akanishika bega. Mume wangu akaweka kiti chake kwenye kivuli cha ukuta, akakipangusa, akajifanya anatafuta betri.

Mchana ukaingia. Jagi nililolijaza kabla ya kufuli likapita, likarudi limejaa, na safari hii sikuwa na pa kuwapeleka. Nikaona mama mkwe anapitisha ulimi kwenye midomo. Nikainua macho nisimtazame, yakatua kwenye mlango mdogo kando ya ule mkubwa wa vioo. Juu yake pameandikwa kwa herufi za bluu: UKUMBI WA WATEJA.

Sikuwahi kuingia humo. Sisi wa bondeni tunajazia kadi vibandani, kwa mawakala. Ukumbi ule ulikuwa wa watu wa mlimani wenye malalamiko yao ya bustani. Nikapangusa kamasi.

"Mama, kadi yako ya maji unayo?"

"Ipo," akasema, akipapasa kifundo cha kanga. "Haina kitu, lakini ipo."

"Simama twende."

Hatukwenda kundi. Mimi, yeye, na muuza mboga. Wengine walibaki kwenye ndoo zao. Mlinzi akatuwekea mkono mlangoni.

"Maandamano ni huko nje, mama zangu."

"Hatuandamani," nikasema. "Tunakwenda chooni. Choo ni cha wateja, na sisi ni wateja. Nani mwingine anayewalipa hawa?"

Mama mkwe akaonyesha kadi yake. Muuza mboga akaonyesha yake. Mlinzi akazitazama, akatazama mistari vichwani mwao, akageuka ndani kutafuta mkubwa wa kumwamulia. Kule ndani kulikuwa na viti laini na ubaridi wa kiyoyozi, na nyuma ya kaunta akasimama dada wa kaunta. Blauzi nyeupe, beji shingoni, mstari mmoja kichwani. Mkuu wake alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwake.

"Waruhusu," akasema. Kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Wana kadi. Choo cha wateja ni mlango wa kushoto."

Mkuu wake akainua kichwa, akafungua mdomo, akaona watu wote kwenye viti laini wanamtazama, akaufunga. Mlinzi akaondoa mkono wake.

Mama mkwe akaingia wa kwanza. Tukangoja. Muuza mboga akaanza kuhama mguu huu na huu, na mama mkwe hatoki. Nikakumbuka ile siku alivyoteleza, nikasukuma mlango.

Alikuwa amesimama mbele ya sinki, mzima, mikono imelowa. Vioo pande zote, na yeye yuko kwenye vyote, kichwa cheupe na ule mstari wake.

"Mama, kuna nini?"

"Nimekuta bomba limeachwa wazi," akasema. "Mtu ameosha mikono akaenda zake. Maji yanamwagika. Nikasimama nikayangoja yakatike, nijue kadi yao ina kiasi gani."

"Yakakatika?"

"Hayakatiki, mwanangu." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye ningeweza kumweleza. "Nimesimama hapa muda wote huu, hayakatiki. Nimeyafunga mwenyewe."

Nikamshika mkono, tukatoka. Muuza mboga akaingia, na mlinzi mwenyewe akamwita anayefuata kutoka kwenye ndoo. Ng'ambo ya barabara kufuli jipya lilikuwa linang'aa kwenye mlango wangu. Nikalitazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi halikuniuma. Kilichoniuma ni yale maji. Muuza mboga aliporudi nikamuuliza kama kuna mtu mwenye ndoo ya ziada, nami niipindue nikae.